Bwawa Langu na Ulimi wa Kihwele

Mwanangu Nyemo,

Nakusalimu, mbukwa. Mimi baba yako Lameki nina miaka sabini na mitatu, kama mchungaji aliyeandika cheti changu cha ubatizo hakukosea, na mimi naamini alipunguza. Nimeona vitu vingi vikipita, mimi nikabaki. Niliona njaa ambayo watu walichemsha ngozi za kulalia wakanywa supu yake, nikapona. Nilimwona Mwingereza akileta matrekta Kongwa kulima karanga, akashindwa, akaondoka na kofia yake, mimi nipo. Tulihamishiwa vijijini, tembe yangu ikavunjwa, nikajenga nyingine nzuri kuliko ile. Nimeizika kampuni nzima ya ujenzi, yenye magari na mabosi na wahasibu wa miwani, ilikufa nikiitazama. Nimemzika mama yako, na huyo ndiye peke yake niliyetaka anizike mimi. Na Kihwele nimemshinda, ingawa bado anapumua upande wa pili wa ukuta.

Barua hii itakuwa ndefu. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na mama yako ndiye aliyekuwa akinirekebisha herufi, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya ujue aliyekuwa analiweka sawa hayupo. Habari za sweta, za kufunga sanduku kwa kamba, za kutokula chakula cha mtu usiyemjua kwenye treni, shangazi yako Mbeleje amekwambia zote na amekwambia mara mbili. Mimi nataka kukwambia habari ya bwawa. Kesho unaenda Tabora kusomea uuguzi, na sikubali uende na maneno ya Kihwele kichwani.

Leo umefua nguo zako zote ukazianika mbele, upande wa barabara, magari yakazitia vumbi, ukazifua tena. Kamba ya kuanikia iko nyuma. Nilikuwa nimekaa barazani nakuona. Tangu msiba wa mama yako hujakanyaga nyuma ya nyumba. Samaki wa bwawa huli, unasema una tumbo. Mimi ni mzee lakini macho yangu yanaona mpaka Ihumwa. Najua unachofikiri, na najua siku uliyoanza kukifikiri, maana nilikuwa nakutazama wewe wakati Kihwele anasema.

Sasa nianze mwanzo, maana wewe ulikuwa mdogo, halafu ukawa shule ya bweni, vipande vingi huna.

Nyumba hii hapa Area D kampuni iliijengea mtaalamu mmoja mzungu. Kuta zake nimezipandisha mimi, kila tofali limepita mkononi mwangu. Yule mzungu akataka na bwawa la kuogelea nyuma. Dodoma hii, ambayo watu wanaamka alfajiri kupanga ndoo kwenye bomba! Tukamchimbia. Aliogelea miaka yake, akarudi kwao, bwawa likakauka likabaki shimo la majani na paka. Enzi hizi za ruksa zilipokuja, kampuni ikafa, wakasema nyumba zichukuliwe na wafanyakazi wa siku nyingi. Wa siku nyingi kuliko wote nilikuwa mimi. Wakanipa hii.

Kihwele alikuwa bwana stoo wa kampuni. Alikuwa ameshaipimia mapazia nyumba hii! Mkewe alikuwa ameshachagua chumba. Wakampa ile ya jirani, ndogo, isiyo na shimo. Siku ile alicheka, akanipiga bega, akasema, "Mgogo kapewa nyumba ya mzungu, sasa ataingiza mbuzi sebuleni." Na mimi nikacheka. Yeye Mhehe, sisi Wagogo, ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanachomana mikuki. Wewe umekulia mjini, utani unaujua kwa kuusikia. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako usiseme neno. Anaweza kuja msibani akalala kwenye jeneza. Ukikasirika, aibu ni yako. Ni kitu kizuri, kimezuia damu nyingi. Lakini mtu mwenye sumu akikipata, amepata mahali pa kujificha.

Lile shimo mimi nilitaka kulifukia nipande mtama. Mama yako ndiye aliyekataa. Alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akasema, "Baba Nyemo, mimi nimechoka na dagaa wenye mchanga. Weka samaki humu." Nikamwambia samaki wa wapi, hapa si ziwani. Akasema, "Wewe si unajisifu unaweza kujenga chochote?" Basi. Ulimwengu mzima hakuna aliyejua kunisukuma kama yeye. Nikaziba nyufa kwa saruji, nikaelekeza maji ya bati zote shimoni, na siku bomba linatoka tunaongezea. Nikaenda Hombolo na baiskeli, nikarudi na ndoo ya perege wadogo, nusu wamekufa njiani, nusu wakaishi. Kwa hiyo bwawa lile lilikuwa la mama yako kabla halijawa langu. Hilo hukulijua. Sasa unalijua.

Mwaka wa kwanza tulikula samaki. Mwaka wa pili maji yakaanza kuwa ya kijani, mazito kama mlenda. Perege wakawa wanakuja juu kuhema. Harufu sitaikana, harufu ilikuwepo. Kihwele akawa anaweka kiti chake ukutani jioni kwa makusudi. "Mtani, leo mnapika nini? Harufu hii ni mboga au ni wewe?" Majirani wanacheka. Mama yako naye alikuwa anamjibu, tena anamshinda, "Shemeji, ni wewe, upepo umegeuka." Walikuwa wanapatana wale. Ndiyo maana kilichofuata sikukisamehe na sitakisamehe.

Msimu ule wa mahindi mama yako alikwenda Kibaigwa na shangazi yako, kama kila mwaka. Walikaa huko msimu wote, wananunua na kuuza, wanalala kando ya magunia chini ya turubai. Wewe ulikuwa shuleni. Alirudi akiwa ndani ya lori la mahindi, amelala juu ya magunia, anatetemeka jua kali. Siku tano akafa. Wewe ulipofika ulimkuta nyumbani, kitandani, na dirisha la chumba kile linatazama bwawa. Hilo ndilo uliloliona. Kibaigwa hukuiona.

Halafu siku ya mazishi. Unakumbuka, lakini acha niandike, maana mimi nimeibeba upande wangu. Kihwele aliingia amejifunga khanga ya mama yako kiunoni, kama watani wanavyofanya, amebeba bakuli. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema, maana walijua mtani amefika, msiba utapumua. Akazunguka na bakuli lile, akasema, "Wafiwa, poleni! Nimewaletea aliyemuua shemeji. Mtazameni vizuri, yumo humu anaogelea." Yalikuwa maji ya bwawa langu, ya kijani. Akaendelea, "Mgogo kashindwa kufuga ng'ombe, kafuga mbu. Sasa mbu wamemlia mke." Watu wakaangua kicheko. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka, umeegemea bega la shangazi yako. Akakuinamishia bakuli. Nikakuona macho yako yanaingia mle ndani, na hayakutoka tena.

Nilitoa shilingi nikazitupa kwenye bakuli, ndivyo desturi inavyotaka, mtani unamlipa akuache. Yeye akazifuata kwa vidole kwenye yale maji, akacheka. Nilitamani nimzamishe humo humo. Wengine waliniuliza baadaye, mzee Lameki, mbona hukusema kwamba marehemu aliugulia Kibaigwa? Mtu anayejitetea penye jeneza la mkewe anaonekana mkosaji. Na mimi sijitetei. Mimi nalipa.

Wiki haikwisha, bwana afya akabisha hodi. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake imenyooka, viatu vimejaa vumbi. Akasema ameletewa malalamiko ya mbu na uvundo. Nikamuuliza na nani. Akasema hawezi kutaja. Nikamwambia, "Basi usitaje, nitakutajia mimi," nikamwonyesha ukuta. Akatazama pembeni. Hapo ndipo nilipojua kwamba Kihwele ameuvuka utani. Utani hauna karani. Mtani hakushtaki serikalini. Alichosema kwa kicheko msibani alikwenda kukisema kwa kunong'ona ofisini, na alijua anachotaka: bwawa lifukiwe, watu waone limefukiwa kwa amri, na neno lake liwe kweli milele. Kila ambaye angepita hapa angesema, hapo ndipo palipokuwa na shimo lililomuua mke wa Lameki.

Bwana afya akanipa muda mpaka mvua za kwanza. Maji yakiwa bado hivi, analeta lori la kifusi. Lakini alipokuwa anaondoka akageuka akasema, "Mzee, chuoni tuliona bwawa ambalo maji yanasafishwa na mimea. Unatenga sehemu, unaijaza kokoto, unapanda matete, unasukuma maji yaingie kwa chini yapande juu polepole. Uchafu unabaki kwenye mawe, mizizi inaula. Maji yanarudi meupe." Nikamwambia nimekuwa nikifikiri hivyo hivyo. Nilikuwa sijafikiri, lakini nilikuwa nakaribia. Na kusema ni rahisi, aliyejenga ni mimi.

Upande wa kina kifupi wa bwawa nikapandisha ukuta wa matofali kukata sehemu kama chumba kidogo, ukuta wake umezidi maji kidogo tu, na juu nimeacha mdomo wa kumwagia. Chini nikapanga mabomba niliyoyatoboa kwa msumari wa moto. Pampu alinitafutia fundi Saidi, yule Mrangi wa Kondoa anayeuza vyuma chakavu sokoni. Iliyobaki ilikuwa kokoto, na kokoto Dodoma si kitu cha kuokota. Kihwele wakati huo alikuwa anajenga gesti yake. Mbele ya kwake pamemwagwa kilima cha kokoto, safi, zimepondwa vizuri, zimechekechwa.

Jumapili, watu wanatoka kanisani, barabara imejaa, Kihwele amekaa kivulini na diwani na wageni wake wanakunywa soda. Nikatoka na toroli. Nikapanda juu ya kilima cha kokoto nikakaa, nikakunja miguu kama niko kitandani.

"Nimezikalia!" nikapiga kelele.

Watu wakasimama. Kila mtu anajua mtani akikalia kitu maana yake nini: amekichukua, na mwenyewe hana haki ya kumnyima.

Kihwele akasema, "Mgogo, shuka kwenye mali yangu."

"Mali ya nani? Babu zako walichukua ng'ombe wetu mpaka ndama. Mimi leo nimekuja kuchukua maziwa tu, ng'ombe nitawafuata kesho."

Diwani akacheka mpaka soda ikampalia. Mama mmoja wa kwaya akapiga vigelegele. Kihwele akacheka pia, lakini meno peke yake, macho yalikuwa yanahesabu. "Basi chukua toroli moja, mtani, uende ukakaange."

"Mtani hapimiwi."

Angekataa, angekuwa amevunja utani mbele ya watu wote, na wangemuuliza, mbona wewe msibani ulitania? Alikuwa amejifungia mwenyewe. Nilisomba kokoto zake mpaka jua likazama, na vijana wa mtaa wakanisaidia kwa furaha, na kila toroli lililopita mbele yake nilimwambia asante mtani, Mungu akuzidishie. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Chujio lote lile unaloliogopa kuliona, mwanangu, mawe yake ni ya Kihwele.

Sasa nitakwambia nilipokosea, ingawa fundi Saidi ameshakwambia, maana mdomo wake haufungwi. Mimi kazi niliyozaliwa nayo ni tembe. Udongo wa paa la tembe unaushindilia, unaupiga kwa ubao, unaumwagia maji, unaupiga tena, mpaka mvua ikija inateleza kama juu ya mgongo wa kiboko. Hakuna Mgogo aliyewahi kujenga paa la kupitisha maji. Basi mikono yangu ilifanya inachokijua. Nikamwaga tabaka la mawe, nikalishindilia. Nikamwaga kokoto, nikashindilia. Juu nikaona matete hayataota kwenye mawe matupu, nikaweka udongo mwekundu wa kichuguu, nikaupiga kwa ubao mpaka ukang'aa. Fundi Saidi amesimama, mikono mfukoni.

"Mzee, sasa maji yatapita wapi?"

"Wewe, mimi nimejenga tembe baba yako hajabalehe."

"Ndiyo, mzee. Hata hili ni tembe."

Tukawasha pampu. Ikanguruma, ikalia, maji hayakupanda hata tone. Halafu kiungo cha bomba kikafyatuka, maji ya kijani yakaruka yakanipiga usoni mpaka kwenye meno, na pampu ikatoa moshi. Kichwa cha Kihwele kikatokea juu ya ukuta. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Njooni muone! Mgogo kajenga tembe chini ya maji! Mtani, ng'ombe wataingilia mlango gani?"

Nikakaa pale ukingoni nimelowa, nikamtazama akicheka. Nilikaa mpaka akachoka. Kuna kitu nilijifunza pale na nakupa bure: anayekucheka ukimtazama bila kucheka wala kulia, baada ya muda kicheko chake kinabaki peke yake hewani, na yeye anakisikia. Akashuka ukutani.

Kesho yake nikavunja yote. Kila jiwe nikalitoa, nikaliosha kwenye karai, jiwe kwa jiwe, mpaka maji ya karai yakawa hayabadiliki rangi. Udongo wa kichuguu nikautupa. Mawe makubwa chini, kokoto juu, zikae zinavyotaka, nisiziguse. Mikono ilikuwa inaniwasha nishindilie, nikaifunga nyuma. Fundi Saidi akaifufua pampu. Matete na mafunjo nikayaleta Hombolo, nikayaosha mizizi mpaka ikawa myeupe, nikayachomeka kwenye mawe matupu. Yakawa ya njano, yakalala. Nikasema basi, nimeshindwa. Mchungaji alipita akatazama, akaanza, "Lameki, unaona, ndivyo moyo ulivyo, ukiushindilia..." Nikamwambia mchungaji, hizi ni kokoto.

Yakaota. Kwanza moja, jani limechongoka kama sindano, halafu yote. Maji yakawa yanapanda katikati ya mawe bila sauti, yanamwagika kwenye ule mdomo. Sikuona siku yalipobadilika. Siku moja nilikuwa natupa pumba, nikaona sakafu. Niliona lipu niliyoipaka mimi mwenyewe na alama ya mwiko wangu, huko chini kabisa, na perege wanapita juu yake na vivuli vyao. Nikamwita mama yako. Nilimwita kwa jina, kwa sauti, kabla sijakumbuka.

Bwana afya alikuja mawingu yakiwa yameshafunga. Akachota kwenye chupa yake, akaiinua kwenye mwanga, akachuchumaa akatafuta viluwiluwi vya mbu mpaka magoti yakamuuma, akakosa. Akaandika mambo yake akanipa mkono. Kihwele alikuwa kwenye kiti chake. Akakibeba akaingia ndani.

Lakini maji meupe hayakunitosha, Nyemo. Ungeniuliza ningekwambia hivyo hata siku ile. Neno lilisemwa kwa mdomo mbele ya watu, lilitakiwa litolewe kwa mdomo mbele ya watu.

Siku ya kulijengea kaburi la mama yako wewe ulikuwa kwenye mtihani, sikutaka uvurugike. Watu walijaa, ndugu wa Ihumwa, mchungaji na wanakwaya, majirani. Kihwele akaja, khanga kiunoni, amejiandaa, ameshaanza kuchekesha wamama jikoni. Nikasimama. Nikasema, "Kihwele, kabla hujaanza. Mbele ya watu hawa mimi Lameki naondoa utani kati yangu na wewe. Kuanzia sasa wewe ni jirani. Kama Mhindi wa dukani. Kama mtu yeyote."

Mzee mmoja akasema, "Lameki, utani hauondolewi."

"Umeondoka. Sasa, jirani, yale maneno uliyosema msibani, ya mbu na bwawa. Yarudie. Yaseme kama mtu na mtu, ili kesho nikupeleke baraza la kata ukayathibitishe."

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akasema, "Lameki, yale yalikuwa utani."

"Utani haupo. Yarudie, au sema ni uongo."

Alitazama huku, akatazama huku. Ile khanga ikaanza kumfunguka akaishika kwa mkono. Ndipo shangazi yako Mbeleje akatoka jikoni na mwiko wa ugali, akasema, "Mwulizeni lile lori lililomleta wifi yangu kutoka Kibaigwa lilikuwa la nani. Dereva wake ndiye aliyenisaidia kumpandisha juu ya magunia, anatetemeka. Lori lilikuwa lake."

Mimi nilikuwa sijui! Mimi mwenyewe, baba yako, nilikuwa sijui lori ni la nani, siku ile nilimtazama mama yako tu. Shangazi yako alikuwa ameshikilia hilo mwaka mzima anangoja mahali pa kuliweka, na ndiyo maana nasema ukoo wetu una akili.

Nikamuuliza Kihwele, "Ulijua?"

Akasema, taratibu, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Dereva aliniambia siku ile ile."

"Basi sema."

Akasema, "Ni uongo. Shemeji alikuja anaumwa. Bwawa halikumuua." Akaifungua khanga, akaikunja, akamkabidhi shangazi yako, akaondoka kwa miguu yake katikati ya watu, na hakuna aliyemwambia pole.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, na kilikuwa kitamu kama nilivyofikiri. Watu watakwambia kisasi kinaacha uchungu mdomoni. Mimi sikuuona huo uchungu. Ameleta wazee mara mbili turudishe utani. Ameleta mbuzi, mbuzi nimemrudisha na kamba yake. Vyura wamejaa kwenye matete yangu, wakianza kuimba wateja wa gesti yake wanahama, ananitumia mtu kuniomba niwaondoe. Mimi nawatupia pumba wanenepe. Nikifa asiruhusiwe kujifunga nguo yangu. Akae nyuma na majirani wengine, avae suti, anyamaze.

Sikwambii ulipize kila kitu. Maisha hayatoshi, na mengine ni madogo. Lakini huko uendako utakutana na watu wanaoumiza huku wanacheka, na ukilalamika wanasema huna utani. Usigombane na kicheko. Tafuta anajificha nyuma ya nini, ukiondoe hicho, halafu umwombe arudie. Mimi imenigharimu mwaka na nusu kulijua hili. Wewe nakupa leo.

Na kitu kimoja kigumu, nikiandike kabla kalamu haijaisha. Wewe utasomea habari za mbu. Watakufundisha homa inachukua siku ngapi mwilini kabla haijaonekana, na utakaa na vidole vyako unahesabu, nakujua. Hesabu. Utakuta Kibaigwa. Nimeshahesabu mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Ukikuta kingine, niandikie mimi kwanza, usimwambie mtu. Lakini usiondoke kesho bila kupita nyuma ya nyumba. Mama yako alitaka samaki, na samaki wapo, na maji yanaonyesha sakafu.

Kama unaona baba yako anajisifu, ni kweli najisifu, lakini sijaongeza. Shangazi Mbeleje alikuwa Kibaigwa na alikuwa jikoni siku ya kaburi. Fundi Saidi yuko sokoni, atakucheka kwanza, halafu atakueleza. Bwana afya yuko ofisini kwake, atakumbuka chupa. Mchungaji alisikia kila neno, ingawa anatamani asingesikia. Na kama hao wote hawakutoshi, asubuhi kabla ya treni kapige hodi kwa Kihwele, mwamkie shikamoo kama ulivyolelewa, umwulize mama yako alikufa na nini. Atakujibu. Hana tena ruhusa ya kukutania.

Baba yako,
Lameki